Simu Niliyoilaza Ubavu

Juzi wamemzika Selemani. Nilikwenda, maana tulikaa nyumba moja, nikaketi mkekani chumba cha wanawake kwa dada yake kule Mburahati, nikaletewa wali na maharage kwenye sahani ya bati. Yule dada, Zaituni, akanisemea mbele ya watu wote: "Bibi huyu Sele alikuwa hachoki kumtaja. Jamani kaka yangu alikuwa mpole! Kijana gani wa siku hizi anakaa kitako kumfundisha bibi kizee simu?" Wanawake wakaitikia, kweli, kweli, halafu wakanigeukia nitie neno. Mimi nilikuwa na tonge mdomoni. Nikalitafuna polepole kuliko kawaida yangu, na kabla sijalimeza, mwaka ule wote ulikuwa umeshanirudia.

Watu wakiulizwa mwaka uliowafanya wakawa watu hutaja wa ujana wao, wa kuchezwa ngoma au wa kuolewa. Mimi wangu ulinikuta meno ya mbele yameshaondoka, nakaanga chapati kwenye ukumbi wa nyumba ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Leo pale pana ghorofa, wanauza mapazia, na nikipita huwa nasimama nikatafuta kwa macho mahali lilipokuwa jiko langu. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya zamani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani choo na bomba. Shule sikusoma ya kutosha, lakini majina siyasahau. Mlango wa kwanza kulia Mzee Pazi, mshona viatu. Mkabala naye Anjelina, tukimwita Mama Glory, Mchaga wa Kibosho, muuza vitenge kwa jumla Mtaa wa Kongo, mwanamke mwenye mabega ya kubeba robota la vitambaa peke yake wapagazi wakichelewa. Kisha mlango wangu. Na mkabala na wangu, Selemani na mkewe Rehema. Pazia lao likipeperuka naona mpaka kitanda.

Sele alikuwa na kibanda cha simu Mtaa wa Aggrey: makava, chaja, vioo, na kompyuta moja kuukuu ya kuingizia watu nyimbo. Nami nilikuwa nimeletewa simu ya kugusa. Aliyeileta si habari ya leo. Sele ndiye aliyeigeuza lugha ikasema Kiswahili, akaniingizia kaswida na mawaidha. "Shikamoo Bibi, leta hilo jini lako," ndivyo alivyokuwa akinisalimia. Nilikuwa nakwenda kibandani kwake nakaa kwenye kigoda, ananionyesha na kurudia, hakasiriki. "Ukiichomeka kwenye kompyuta, Bibi, yenyewe inadhani umekuja kuchaji. Inanyonya umeme, basi, imenyamaza. Haimwonyeshi mtu kilichomo tumboni mwake mpaka wewe mwenyewe uiambie." Nikamuuliza, niiambieje? "Vuta pazia. Weka kidole juu kabisa, teremsha. Hapo wameandika nini?" Nikasoma kwa kuunganisha: i-na-cha-ji ki-fa-a hi-ki. "Gusa hapohapo. Haya, unaona wamekupangia mambo ya kuchagua? Tafuta kuhamisha faili. Bonyeza." Kompyuta ikalia ting, na vitu vyangu vikajipanga kwenye kioo kikubwa. "Ukichomoa inasahau. Kesho ukija, uiambie upya." Nikasema haina akili. Akacheka: "Ina siri, Bibi. Ndio maana nzuri."

Siku nyingine nilimlalamikia kwamba nikiitazama mawaidha imelala ubavu, pazia silioni, juu pamepotea. Akaichukua, akaisimamisha, akailaza, akaisimamisha. "Juu inahama, Bibi. Ukiilaza, juu ni pale kichwa cha shehe kinapoelekea. Ukivuta kutoka hapo, pazia linakuja." Nikavuta, likaja. Tukacheka sana siku ile. Alikuwa na vidole visafi, kucha fupi, vidole vya kushika skrubu ndogo kama punje ya mtama isianguke. Nikiwaza leo, naviona vidole kwanza, uso baadaye.

Ukatili wa vidole vile niliuona mara ya kwanza mchana kweupe, tena kwa ajili yangu. Kijana mmoja alininyakulia simu nikiwa barazani, akakimbilia Msimbazi. Nikapiga ukunga. Sele na wenzake wakamkatia njia kwenye kona, na nilipofika nikijikokota nilikuta duara la watu na katikati yake mtoto wa mtu anapigwa tofali. Sikio moja lilikuwa linaning'inia. Alikuwa haombi tena, anahema tu kwa mdomo, na kila akihema mapovu mekundu yanatoka. Sele alikuwa amemkalia kifuani, anampiga ngumi za taratibu, moja, anapumzika, nyingine, kama mtu anayepigilia misumari. Kisha akainuka, akaniletea simu: "Bibi, hii hapa." Kioo kimejaa damu. Watu wakapiga makofi. Nikaifuta kwa upindo wa kanga, damu ikaacha utando, na kwa siku kadhaa nilikuwa nikimsikiliza shehe namwona amepakwa rangi ya kutu.

Rehema alikuwa amesimama mlangoni akitutazama tukirudi. Aliitazama mikono ya mumewe, akaingia ndani upesi, nikamsikia anahamisha vitu: pasi, chupa ya chai, mwiko, kigoda. Nikadhani anafanya usafi. Baadaye nikaelewa alikuwa anaondoa vitu vinavyorushika.

Nyumba yetu ilikuwa na desturi, na nyumba nyingi mjini mpaka leo zinayo. Kelele za mke na mume zikianza, mtu anaongeza redio. Mnaona ndiyo heshima hiyo: mwenzako asijue kwamba umesikia. Mzee Pazi alikuwa anaanza na mpira, Mama Glory anafuata na kwaya, nami natia kaswida, mpaka ukumbi unatetemeka na mpita njia anadhani tuna shughuli. Na chini ya sauti zote hizo, kitu kizito kinagonga ukuta wangu. Kinagonga, kinanyamaza, kinagonga. Chokaa ilikuwa inadondoka kwenye unga wangu. Asubuhi Rehema anatoka kuchota maji, kanga imefunika mdomo. "Vipi tena mwanangu?" "Nimeteleza bafuni, Bibi." Bafu la nyumba ile lilisingiziwa mengi. Lilimvunja jino, likamchana nyusi, likamwachia mgongoni alama ya chuma cha mkanda, imechorwa mpaka na kijiti chake cha katikati.

Siku nilipozima redio yangu ilikuwa ni wakati wa chakula cha mchana, nina karai la mafuta jikoni. Nikafungua pazia lao bila hodi. Alikuwa ameweka mkono wa Rehema kwenye mlango wa kabati na anaufunga mlango kwa goti, polepole, huku anamuuliza jina la mtu aliyempigia simu. Rehema alikuwa anataja jina la shangazi yake. Anataja tu, Mwajuma, Mwajuma, Mwajuma, na jamaa anaendelea kufunga. "Sele, mwache mtoto wa watu!" Akageuka, na sauti yake ilikuwa ileile ya kibandani: "Bibi, pisha." Akanipiga kiwiko cha kifua. Nikarudi kinyumenyume mpaka ukumbini, nikaangukia jiko, karai likapinduka, mafuta yakanimwagikia mkono kuanzia kiwikoni. Ngozi ilijikunja kama utando wa maziwa. Na nani alinipeleka zahanati? Yeye. Alinibeba mikononi mpaka kwenye bajaji akilia kabisa, machozi ya kweli, "Bibi yangu jamani, ulijileta mwenyewe." Akamwambia mganga nimeteleza na karai. Nilimtazama. Maneno yote ya kuteleza yalikuwa yameshatumika.

Mama Glory alipouona mkono wangu akazima kwaya yake, na hakuiwasha tena mbele ya kelele. Alimfuata Rehema uani. "Twende polisi, mdogo wangu. Kuna dawati la wanawake kule, siyo kama zamani." Rehema akasema, "Mama Glory, nikienda nikarudi, ataniua. Na wataniuliza ushahidi." Walikwenda hata hivyo, na alipoulizwa mbele ya mumewe, akasema ni bafuni. Wakarudi wote watatu. Ukuta wangu uligongwa wiki ile kuliko wiki zote. Mama Glory alikaa nami jikoni akichambua mchele ambao ulikuwa hauna mchanga hata kidogo, akaniambia, "Bibi, wewe mlango wako unatazama mlango wao. Na una simu."

Nilikuwa na mazoea ya kuiegemeza simu kwenye kopo la unga, imelala ubavu, niangalie mawaidha huku nasukuma chapati. Alasiri moja Mzee Pazi hayupo, Mama Glory yuko dukani, Sele alirudi mapema na kuanza. Safari hii hakubaki chumbani. Alimvuta Rehema kwa nywele mpaka ukumbini, mbele yangu, kama vile mimi ni kigoda. Nikamwondoa shehe, nikafungua kamera, nikabonyeza kile kidude chekundu alichonionyesha mwenyewe siku ya Idi, nikairudisha simu kwenye kopo, kioo kimewaelekea wao. Halafu nikaendelea kusukuma chapati. Chapati zikatoka pembe tatu. Alimpiga mateke ya tumbo. Alipojikunja akamkanyaga mkono, nikausikia mfupa, sauti kavu, kama kuni inavyovunjwa gotini. Alimwinua kwa kanga, akamgonga paji la uso ukutani, na kila akimgonga anauliza, "Nimekuambia nini? Nimekuambia nini?" Rehema hakuwa na sauti ya kujibu. Nami nilisimama kwenye unga, nasali simu isizimike.

Ni mwanga wa kioo uliomwonyesha simu. Alikuja akainama, akajiona. Nilimwona anavyojiona. Akaichukua simu kwa vile vidole vyake safi, akailaza kwenye sakafu, akachukua mchi wangu wa kutwangia, akaushusha. Juu ya simu pakawa unga wa kioo. Akachomoa laini, akaivunja kwa meno. Alipounyanyua mchi mara ya pili, mlango wa mbele ukafunguka, Mama Glory akaingia na wapagazi wake wawili wenye marobota. Aliuangalia ukumbi, akaangalia damu ukutani, akalidondosha robota lake, akasema kwa sauti ya chini, "Sele, weka mchi." Akauweka. Akanigeukia mimi: "Simu imekufa hiyo, Bibi. Nitakuletea nyingine." Akatoka.

Rehema tulimpeleka hospitali, akafungwa plasta mkono. Simu niliificha kwenye pipa la unga. Ilikuwa haijafa. Ukiibonyeza inawaka, chini inashika kidole, picha zinafunguka. Lakini juu, kama theluthi moja, ilikuwa giza na mipasuko, ukigusa ni kama unagusa jiwe. Na kila kukicha lile giza lilikuwa linashuka kidogo. Mama Glory alisema wazi, kwa fundi haiendi, maana mafundi wote wa Aggrey ni marafiki zake Sele, itarudi tupu. "Twende nayo hivyohivyo."

Afande wa dawati aliitwa Tabia, mwanamke mfupi mwenye miwani. Sele alikuwa ameitwa, akaja na shati limepigwa pasi. "Shikamoo Bibi," akanisalimia. Sikuitika. Afande akamuuliza Rehema mkono umefanyaje. Rehema akatazama sakafu. "Nimeteleza bafuni." Sele akawa anatazama kucha zake. Mama Glory akaitoa simu kwenye pochi, imefungwa leso. "Afande, imo humu." Afande Tabia akaipindua mkononi. "Kuiona kwenye simu hakunisaidii. Kioo hiki kikizima kesho, mahakamani nitapeleka nini? Naitaka ndani ya kompyuta hii." Akatafuta waya, akachomeka. Tukasubiri. Kompyuta kimya. Simu ikaonyesha alama ya betri, basi.

"Inachaji tu, afande," Sele akasema, kwa upole. "Hiyo mpaka uvute pazia uchague, na juu hapashiki. Mimi hii ndiyo kazi yangu." Afande akajaribu kuvuta, kidole kikateleza kwenye mipasuko, kikatoka damu. Akapita njia ya mipangilio, lakini neno alilolitaka likakaa palepale juu palipokufa. "Nipeni nikabadilishe kioo," Sele akasema, "jioni nawarudishia inang'aa." Afande akavua miwani, akaifuta. "Hilo nalo linawezekana," akasema. Nikaona Rehema anafumba macho. Hakulia. Alifumba tu, kama mtu anayesubiri kupigwa, na nikajua tukitoka pale simu ikiwa mkononi mwa Sele, ukuta wangu utagongwa mara moja tu tena na hautagongwa tena.

"Nipe simu yangu," nikasema. Afande akanipa na waya wake ukining'inia. Skrini ya mwanzo hailali, inakaa wima tu. Kinacholala ni picha. Kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine. Nikaifungua ile video, nikailaza simu ubavu, na chumba kizima kikajaa. *Nimekuambia nini? Nimekuambia nini?* Mfupa ukavunjika upya. Rehema akaziba sikio kwa mkono mzima, la pili likabaki wazi. Mama Glory akasema, "Yesu wangu." Mimi nilikuwa natafuta kichwa kimeelekea wapi. Kichwa cha Sele kwenye picha kilielekea ubavu wa simu, ule usiopigwa mchi. Nikaweka kidole hapo, nikateremsha. Ikagoma. Nikateremsha tena, na pazia likashuka, likamfunika uso yeye na ngumi yake, na juu yake kukawa na maandishi. Nikayasoma kwa sauti, maana kimyakimya siwezi: i-na-cha-ji ki-fa-a hi-ki. Nikagusa. Yakaja ya kuchagua. Nikatafuta. Ku-ha-mi-sha fa-i-li.

Kompyuta ikalia ting.

Sele aliruka juu ya meza. Aliukamata waya, na kama angeuchomoa basi, simu ingesahau tena. Lakini Mama Glory alikuwa ameshamshika ukosi kwa mkono wa kubebea marobota, akamvuta nyuma kama anavyovuta mzigo kwenye gari, shati likachanika mpaka kiunoni. Sele akamtupia ngumi ya mdomo, meno ya Mama Glory yakavunjika, yakapasua mdomo wake mwenyewe, na hakuachia. Damu ikatiririka kwenye gauni lake la kanisani na hakuachia. Askari wa mlangoni akaingia, akamgonga Sele rungu la bega, akamlaza kifudifudi, paji la uso likapiga ukingo wa meza. Afande Tabia hakugeuza kichwa. Alikuwa anatazama mstari wa kijani kwenye kompyuta unavyotambaa, mkono wake mmoja umeufunika waya. Mstari ulipofika mwisho akashusha pumzi, akabonyeza, na picha ikafunguka kubwa, haina ufa, haina giza juu. Ukumbi wetu. Kopo halionekani. Chapati yangu pembeni, pembe tatu.

"Huyu mwanamke ni nani?" Afande akauliza.

Swali halikuwa letu, lilikuwa la Rehema. Sele, shavu likiwa kwenye saruji, akamwonya, "Rehema." Kwa sauti ileile. Rehema akaondoa mkono sikioni. Alijitazama kwenye kompyuta mpaka mwisho, mpaka yule mwanaume wa kwenye picha alipoinama na kujiona. Ndipo akasema, "Ni mimi. Sikuteleza."

Simu ile ilizima yenyewe kabla ya kesi kusikilizwa, giza likaimaliza. Sele alifungwa. Rehema alikwenda Muheza kwa shangazi yake, huyo Mwajuma, na yuko huko, anashona. Mama Glory aliwekewa meno ya bandia na akazidi kuringa nayo. Sele alitoka gerezani, sikumwona tena, mpaka juzi niliposikia pikipiki imemburuta barabara ya Mandela.

Basi nikalimeza lile tonge. Zaituni bado alikuwa ananitazama, macho yamevimba kwa kilio, na kaka ni kaka. Nikasema, "Kweli. Alinifundisha simu, na hakuwahi kunikaripia." Wanawake wakaitikia. Nikanawa, nikaaga.

Nikiwa barazani natafuta kandambili zangu, simu ikalia. Rehema.

"Shikamoo Bibi. Wameshazika?"

"Marahaba mwanangu. Wameshazika."

Nyuma yake cherehani ya mtu mwingine ilikuwa inakwenda. "Wanasemaje huko?"

"Wanasema alikuwa mpole."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema alinifundisha simu."

Nilimsikia anavuta pumzi, nikadhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka cherehani ya jirani ikasimama. "Basi hukusema uongo, Bibi," akasema. "Alikufundisha vizuri."